Kijani Nilichokipaka Msimbazi

Mwaka 1979 nililipaka bonde la Msimbazi rangi ya kijani kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka 25, mchora ramani wa daraja la chini katika ofisi moja ya umma hapa Dar es Salaam, na kazi niliyopewa wiki ile ilikuwa kutia rangi nakala za ramani ya mpango mkuu wa jiji. Leo nimevuka miaka 70. Wengi tuliokaa nao kwenye zile meza ndefu wametangulia mbele ya haki. Tuliobaki tunahesabika, na kabla sijafuata, nataka kueleza kilichokuwa kwenye ramani ile na kilichokuwa kwenye ardhi yenyewe.

Nilizaliwa Kariakoo mwaka 1954. Bibi yangu aliukumbuka mwaka ule kwa mambo matatu: mvua iliyoshusha maji mpaka yakatisha, chama cha TANU kilichozaliwa jirani na kwetu, kwenye mtaa ambao sasa ni Lumumba, na mimi mjukuu wake wa kwanza wa kiume. La nne bibi hakulijua. Mimi nililikuta miaka mingi baadaye kwenye majalada: mwaka huohuo wa 1954, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kule vilimani upande wa Kisarawe, ilitangazwa kuwa hifadhi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivyo, unalikata jiji, unapita Jangwani chini ya Kariakoo, kisha unamwaga maji baharini penye Daraja la Salenda. Kwa hiyo mimi na msitu ule ni rika moja, na maji yake yamepita chini ya mtaa wetu maisha yangu yote.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi za Kariakoo: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Kuta zake zilikuwa za miti na udongo. Nakumbuka chumba kimoja cha uani kilipobomoka kwa mvua, nami nina miaka tisa hivi, baba akaenda kununua boriti. Boriti zilikuwa zinauzwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Zilikuja na majahazi kutoka delta ya Rufiji, miti ya mikoko iliyonyooka, mizito kuliko ilivyoonekana, ikinuka chumvi na tope. Nilisaidia kuishusha kwenye mkokoteni na viganja vyangu vikabaki na rangi nyekundu ya magome yake. Fundi akaniambia, “Shika hapa, mwanangu. Huu ni mti wa baharini, mchwa hawauwezi.” Akasimika nguzo, akafunga fito, tukakandika udongo. Ukuta ule ulisimama hadi nilipooa.

Jikoni kwetu namo mlikuwa na msitu. Mama alipikia mkaa, na mkaa ulishuka kwa magunia kutoka upande wa Pugu na Kisarawe, ukauzwa mtaani kwa kopo. Mtu akiiangalia Kariakoo ya leo, na maghorofa yake na maduka yaliyobanana, haoni uhusiano wake na msitu. Lakini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hapa palikuwa shamba la minazi, na mji uliosimama juu ya shamba hilo ulijengwa kwa mikoko na kupikiwa kwa miti ya Pugu. Hilo nalisema mapema ili msomaji ajue kuwa sisemi kama mtu asiye na sehemu yake katika jambo hili.

Jioni watoto wa kiume tuliteremka Jangwani kucheza mpira. Siku za Jumapili wachache wetu tulifuata mto hadi karibu na Salenda, ambako mikoko ilianza. Palikuwa na michu ambayo mizizi yake huchomoza topeni kama vidole vya mtu aliyefukiwa, na mililana iliyosimama mbele zaidi, miguu majini. Kaa walikimbia kila upande, na yangeyange walitua juu jioni mpaka mti ukawa mweupe. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kaa pale alitukataza kuvunja machipukizi. Alisema, “Maji ya mto na maji ya bahari yanakutana hapa, na yakikutana hugombana. Mikoko ndiyo msuluhishi.” Tulimcheka, tukidhani ni maneno ya uzee. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenifundisha jambo kubwa zaidi ya yote niliyosoma darasani: mvua kubwa ikiteremka kutoka Pugu siku ya bamvua, bahari imejaa na mto hauna pa kutokea, maji yatalala bondeni mpaka bahari ipwe. Bonde ni chumba chao cha kulala. Mikoko huyapunguza kasi na kushika tope lisiondoke.

Niliingia ofisini mwaka 1976. Hapo nilijua kwamba Dar es Salaam tayari ilikuwa na mipango mikuu miwili: wa mwaka 1949, uliotayarishwa na wahandisi wa Kiingereza, na wa 1968, uliotayarishwa na kampuni ya Kanada. Ule wa Waingereza ulitenga njia za wazi za kupitisha upepo wa bahari mpaka ndani ya mji. Ni wazo zuri kwa mji wa joto kama huu. Lakini njia hizohizo zilitumika pia kutenganisha watu. Sisi wa Kariakoo tulilijua hilo bila kusoma ramani, maana uwanja wa Mnazi Mmoja, unaopendwa leo na kila mtu, uliachwa wazi na wakoloni ili Waafrika wa upande wetu wasiungane na Uhindini. Nadhani hii ni sababu moja iliyofanya watu wengi wasione uchungu maeneo ya wazi yalipoanza kuliwa. Yalikuwa yamekuja kwetu kama ua wa kutuzuia, na hakuna aliyekaa nasi kutueleza kwamba safari hii tunaachiwa pa kupumulia.

Mpango wa tatu ndio nilioushika mimi. Uliandaliwa na kampuni nyingine ya Kanada pamoja na wataalamu wetu, ukatoka mwaka 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula kila kitu. Wino ulikuwa wa kugawana, na karatasi ya kunakilia tuliikata kwa wembe ili hata vipande visipotee. Chumba cha mashine ya kuchapia ramani kilinuka amonia mpaka macho yakatoka machozi. Nakala zikitoka, zililetwa mezani kwetu tuzitie rangi: njano ya makazi, nyekundu ya biashara, zambarau ya viwanda, na kijani.

Nilianzia Salenda nikaenda juu. Mpango ule, kama ule wa 1968 uliotangulia, uliyaona mabonde ya mito kuwa si mahali pa kujenga nyumba. Udongo wake ni laini, maji yake hayatabiriki. Nilipofika Jangwani nikakumbuka yangeyange na yule mzee wa kaa. Kwenye ufunguo wa ramani, kijani kiliandikwa kwa Kiingereza maneno mawili ambayo sisi tuliyafasiri “eneo la wazi”. Nikamwuliza ofisa aliyetusimamia, “Ndugu, hapa chini ni mikoko mitupu. Kwa nini tusiandike msitu?”

Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole. Akanijibu, “Msitu una wizara yake. Sisi hapa tunaandika eneo la wazi. Wewe angalia tu kijani kisivuke mstari.”

Nikaangalia kijani kisivuke mstari. Kazi ilikuwa safi, nikasifiwa.

Miaka yote hii nimelifikiria lile neno “wazi”. Kwa mpangaji wa miji lina maana yake: pasijengwe, pabaki pa hewa, pa maji, pa watu kutembea. Lakini mtaani kwetu kitu kikiwa wazi maana yake hakina mtu. Nafasi ya kazi iko wazi, njoo uombe. Kiti kiko wazi, kaa. Tulichukua msitu wenye miti, kaa, ndege na kazi ya kufanya kila masika, tukauandika kwa neno linalomwambia kila apitaye kwamba pana nafasi.

Na wahitaji walikuwepo. Sensa ya 1978 ilihesabu watu zaidi ya laki nane katika mkoa wa Dar es Salaam. Viwanja vilivyopimwa havikutosha hata robo ya waliovihitaji, na miaka ya themanini ilipoingia na njaa yake, kila mwenye jembe alitafuta pa kulima. Mwanzo bondeni palikuwa na matuta ya mchicha, na siwezi kumlaumu mama aliyelima mchicha kulisha watoto wake. Kisha pakaja vibanda vya kulindia mchicha, kisha chumba kimoja, kisha nyumba. Wengine walichimba mchanga mtoni. Mikoko ikaendelea kukatwa kwa kuni na boriti. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku kuikata nchi nzima, lakini panga la usiku halisomi tangazo. Kijani changu kilikuwa kwenye ramani peke yake. Bondeni hapakuwa na bikoni moja ya mpaka, hapakuwa na mlinzi, wala bango la kumwambia mgeni kutoka mkoani kwamba hapa pana mpango.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kwenye ofisi nyingine kabisa, nilitumwa kutafuta jalada la kiwanja. Ndani yake nilikuta kipande cha nakala ya ramani ile. Niliitambua rangi, maana kila mchora ramani ana namna yake ya kulaza penseli. Juu ya kijani mtu alikuwa amechora viwanja vinne kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka, namba zimeandikwa. Pembeni palikuwa na sahihi. Wale hawakuwa maskini waliokosa pa kulala. Walikuwa watu wenye uwezo wa kupata pengine popote.

Nilirudisha jalada mahali pake. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na watoto wanne, mshahara mdogo, na hofu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena limetiwa rangi, na mali ikapotea vilevile, kwa sababu tulioshika daftari tulinyamaza.

Miaka hiyohiyo nilikwenda Pugu. Jirani yetu wa Kariakoo aliyekuwa akiuza mkaa aliniomba nimsindikize, maana alikuwa mgonjwa na hakutaka kwenda peke yake. Nilikuwa naujua msitu ule kwa majalada tu. Nilikuta bado pana sehemu ambazo ukiingia jua linapotea: mibambakofi, misandarusi, kamba za miti zilizoviringana kama nyoka, na sauti za ndege nisiowajua. Wataalamu wanasema katika misitu ile mna mimea na wanyama wasiopatikana popote duniani ila katika misitu ya pwani yetu, akiwemo komba mdogo sana anayetosha kiganjani. Lakini hatua mia mbele, msitu ulikatika ghafla. Palikuwa na matanuri ya mkaa. Kigogo kizima kimelazwa, kimefunikwa kwa majani na udongo, moshi unatoka taratibu kwenye matundu ya ubavuni. Kando yake kisiki kilikuwa kipana kiasi kwamba jirani yangu alikaa juu yake, akanyoosha miguu, na bado pakabaki nafasi ya mtu mwingine. Chini ya kisiki udongo ulikuwa umeanza kuchimbika mfereji, ukielekea bondeni. Nikajua unakokwenda.

Nilimwambia mchomaji, kwa sauti ya ofisini, kwamba hii ni hifadhi. Alikuwa kijana, amejifunga kitambaa kichwani. Akanitazama, akasema, “Shikamoo mzee. Ninyi wa Kariakoo mkiacha kupika, na mimi nitaacha kuchoma.”

Sikuwa na jibu. Tulipakia magunia sita, tukarudi mjini.

Jumanne tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilianza na haikukata. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuwahi kurekodiwa Dar es Salaam tangu 1954, mwaka wa bibi. Nilitoka nyumbani nikateremka kuelekea Jangwani mpaka nilipozuiwa na maji. Kandokando ya barabara watu walisimama wakiita majina. Juu ya mabati kulikuwa na familia nzima, mama amemfunga mtoto mgongoni kwa khanga, baba ameshika redio. Magodoro yalipita, milango ikapita, mbuzi akapita akiwa bado amefungwa kamba. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini katika mafuriko yale, na maelfu wakabaki bila makazi.

Nilisimama pale nikaona jambo ambalo nadhani wachache waliliona. Maji yale yalikuwa na umbo ninalolijua. Yalijaa upande ule, yakakata kona pale, yakasimama mguuni mwa kilima kile. Yalikuwa yamelala juu ya kijani changu karibu mstari kwa mstari. Miaka 32 ilikuwa imepita, viongozi walibadilika, sheria zilibadilika, viwanja vilichorwa juu ya kijani na kuuzwa. Maji peke yake ndiyo yaliyouheshimu mpango wa 1979.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali na mji na mbali na riziki zao, na baadhi wakarudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 ikaanza bomoabomoa, kuta zikatiwa alama nyekundu ya X. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 za kingo za mto, na sheria hiyo ni ya haki. Lakini nilimwona mama amekaa juu ya vifusi vya nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na tano, akiwa na risiti za kodi ya majengo mkononi. Aliyeipokea kodi ile kila mwaka hakuwahi kumwambia kwamba amejenga juu ya kijani. Kituo kikubwa cha mabasi yaendayo haraka nacho kilijengwa bondeni humohumo Jangwani, na baada ya kufunguliwa kikafurika.

Sasa pana jambo jipya. Serikali na Benki ya Dunia wana mradi wa bonde la Msimbazi: daraja refu la Jangwani, wakazi kulipwa fidia, mto kupanuliwa, na sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya jiji yenye miti na mikoko. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi nao umepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Nimefurahi kufikia umri wa kuyaona haya. Lakini furaha yangu ina wasiwasi, kwa kuwa niliwahi kuona kijani kizuri zaidi ya hiki kwenye karatasi.

Nairobi walikuwa na Karura, msitu ndani ya mji, na mwishoni mwa miaka ya tisini viwanja vyake viligawiwa vivyo hivyo. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kwa miguu, wakapigwa, wakarudi tena, mpaka msitu ukabaki. Baadaye pakawekwa uzio, lango, walinzi na njia za kutembea. Leo familia zinaingia Jumapili, na kila anayeingia anajua kwamba hapa ni msitu na una wenyewe. Karura ilipata watu wa kuusimamia msitu wao waziwazi. Msimbazi ilipata rangi, na mimi niliyeitia nikanyamaza.

Kwa hiyo nina maneno kwa vijana wanaochora ramani za jiji hili la watu zaidi ya milioni tano kwa kompyuta. Mkifika kwenye kijani, msiandike eneo la wazi. Andikeni mikoko, andikeni msitu, andikeni njia ya maji, ili anayesoma ajue kwamba mahali hapo pameshajaa. Mkilinda bonde, lindeni na kilima, kwa kuwa mto ni mmoja, na Jangwani haiwezi kupona wakati Pugu inaungua. Mkimkataza mchomaji, mfikishieni mama wa Kariakoo gesi anayoweza kuilipia. Mkimwondoa mtu bondeni, mpeni kiwanja kabla ya tingatinga, kwa kuwa alikuja pale baada ya kukosa kwingine. Na siku mtakayokuta mtu amechora viwanja juu ya kijani chenu, msirudishe jalada kabatini kama nilivyofanya mimi. Semeni siku hiyohiyo, kwa sauti, na kabla ya jua kutua nendeni bondeni mkasimike bikoni.